Shule Waliyoibomoa Wenyewe

Bwana Coulter, mkurugenzi wa shule ya Hradek, alianza kwa kusifu kahawa, na Lida Janda akajua papo hapo kwamba habari si njema. Miaka yote aliyopika katika jiko la shule ile hakuwahi kumwona mtu mwenye neno zuri mdomoni akianzia kwenye kahawa. Alikuwa amesimama nyuma ya meza ndefu ya bwalo, birika mkononi, akiwatazama watu wa mji wake walivyojibana kwenye viti vya watoto, magoti yamewafika kifuani.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka uliotangulia, watu wa Hradek walipiga kura kuiruhusu shule ikope kwa hatifungani dola milioni kumi na tisa, deni walilipe wao na watoto wao kwa kodi ya nyumba na mashamba kwa miaka thelathini. Jengo la zamani lilikuwa limejaa nyufa. Udongo mweusi wa upande ule wa Texas hufura mvua ikinyesha na kusinyaa jua likiwaka, na hakuna msingi unaoustahimili. Sasa zabuni zilikuwa zimefunguliwa, na mkandarasi wa bei ya chini kabisa alitaka milioni ishirini na tano. Maji yalikuwa yamezidi unga.

Bwana Coulter akataja alivyokwisha kupunguza. Maktaba itakuwa chumba kimoja. Ukumbi wa michezo utasubiri. Paa litakuwa la mabati. Alikuwa mtu wa Houston, mpole, mwenye mazoea ya kuvua miwani kila anapofika penye neno gumu, na jioni ile miwani haikukaa usoni. Bado kuna pengo, alisema, na fungu moja kubwa katika hilo pengo ni la kulibomoa jengo la zamani, maana shule haina kiwanja kingine.

Ndipo Alvin Janda, mume wa Lida, aliposimama.

"Hiyo kubomoa peke yake, mkurugenzi, ni pesa ngapi?"

"Karibu laki tisa, mzee."

"Basi ifute hiyo. Tutabomoa wenyewe."

Watu wakacheka, halafu wakaacha kucheka. Alvin akawakumbusha kwamba kanisa lao babu zao hawakulijengewa na mtu. Matofali waliyachoma wenyewe, misumari waliinyoosha wakaitumia tena. "Sisi ni Wacheki," akasema. "Tangu lini Mcheki akamlipa mtu amvunjie kitu?"

Bwalo zima likapiga makofi. Raymond Kubena, kaka yake Lida, mfuga ng'ombe mwenye shingo nene na maneno machache, aliinua mkono akauliza je, wakishabomoa na pesa nyingine zisipatikane? Watakuwa wamevunja nyumba ya kwanza kabla ya kuipata ya pili. Mtu wa nyuma akamwambia Raymond hata harusini kwake alimwuliza padri kama kuna risiti. Kicheko kikalimeza swali, na Raymond mwenyewe akacheka.

Lida hakucheka wala hakupiga makofi, maana birika lilikuwa mkononi. Alikuwa akimtazama mumewe kifuani. Ndani ya kifua kile mlikuwa na mlango wa moyo ambao haukuwa ukifunga vizuri. Daktari alikuwa amesema utabadilishwa Januari, na mpaka hapo asinyanyue kitu kizito kuliko ndoo ya maji. Gharama ya kuubadilisha hakuna mtu wa Hradek ambaye angeiweza hata akiuza nyumba. Ingelipwa na bima, na kadi ya bima ya Alvin ilitoka pale pale, jikoni mwa shule, kwa sababu Lida ndiye mpishi mkuu. Alvin alikuwa ameacha kazi kwenye mashine ya kuchambua pamba pumzi zilipoanza kumwishia, na bima ambayo serikali huwapa wasiojiweza huja baada ya kungoja miaka miwili. Yake haikuwa imefika hata nusu. Kwa hiyo shule ilikuwa pumzi ya Alvin. Lida alilijua hilo kama ajuavyo Salamu Maria.

Njiani kurudi nyumbani alimwuliza kama amesahau daktari alivyosema.

"Nitasimamia tu," Alvin akasema. "Nitaonyesha kwa kidole."

"Kidole chako nakijua. Hakikai peke yake."

*

Hradek haikuwahi kuwa na furaha kama ya kiangazi kile. Bodi ya shule ilikubali. Watu wa jimbo walikwisha kuondoa vifaa vyenye sumu kwenye dari kwa fungu la kwanza la mkopo, kilichobaki kilikuwa matofali na mbao. Padri alikuja na maji ya baraka, akanyunyiza mlangoni, akasema Mungu huwasaidia wanaokunja mikono ya shati. Raymond alileta trekta yake kubwa na minyororo. Wanaume walivuta kuta, na wanawake na wazee wakakaa kwenye ndoo zilizogeuzwa, kila mmoja na kishoka, wakigonga chokaa kwenye matofali moja moja ili yatumike kwenye shule mpya. Lida na wenzake walipika soseji na kabichi chini ya turubai, wakaoka kolache, vile vimkate vitamu vya Kicheki, za aprikoti na za mbegu za popi, trei juu ya trei.

Alvin hakuonyesha kwa kidole. Siku ya kwanza alishika kishoka, siku iliyofuata akashika nyundo kubwa. Lida akimfokea mbele ya watu, wanaume humtania, "Shemeji, mwache mzee, anabomoa alikopigiwa fimbo ya hesabu." Alvin hucheka, mkono mmoja ukutani, akingoja kifua kitulie. Uso wake ulikuwa na rangi ambayo Lida hakuipenda, lakini ulikuwa pia na kitu ambacho hakuwa amekiona tangu aache kazi. Watu walikuwa wakimwuliza yeye waanzie wapi. Walikuwa wakimngoja yeye aseme.

Ukuta wa jiko ulianguka mwisho. Lida alitaka kutazama, halafu akatazama kabichi. Vumbi lilipotua, palikuwa na uwanja mtupu na rundo la matofali safi lililopangwa kama mikate, na wanaume waliokuwa wakipongezana kwa kupigana makofi mabegani. Bwana Coulter alivua miwani akasema hajawahi kuona watu kama hawa. Alisema kweli. Alikwenda akapiga picha na Alvin mbele ya matofali, ikatoka kwenye gazeti la wilaya.

*

Shule ilipofunguliwa, watoto waliingia kwenye madarasa ya mabati ya kukodi, yaliyoletwa kwa malori na kushushwa kwenye uwanja wa kanisa. Lida alipika ndani ya jiko la ukumbi wa parokia. Aliambiwa ni kwa mwaka mmoja hivi tu.

Zabuni zikaitishwa upya. Zilipofunguliwa, Bwana Coulter alikuja mwenyewe jikoni kumwambia, kwa sababu alijua Alvin atakuwa pale akimenya viazi. Bei haikushuka hata kidogo. Ilipanda. Karibu na Austin kulikuwa na kiwanda kikubwa kinajengwa, kimewameza mafundi wote, na saruji imepanda, na chuma kimepanda. Sasa wanataka milioni thelathini na moja.

"Laki tisa zetu je?" Alvin akauliza.

"Zimemezwa, mzee."

"Si mjenge ndogo basi? Ya pesa iliyopo?"

Bwana Coulter akavua miwani. Alisema kilichobaki kitatoa kuta na paa bila jiko na bila vyoo vya kutosha, na jimbo halitaruhusu watoto waingie. Msanifu amekwisha kulipwa. Mabomba ya nje yamekwisha kulazwa. Njia iliyobaki ni moja tu, kurudi kwa watu Novemba na kuwaomba wapige kura ya mkopo wa pili.

"Watakubali," Alvin akasema. "Watu wale walivunja jengo kwa mikono yao. Utakwenda wapi baada ya hapo? Hakuna kurudi."

Basi Alvin akatembea. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akipumzika kwenye kila baraza, na watu wakampa maji na kiti. Wengi walisema wataona. Wachache walisema ndiyo haraka mno. Katika ukumbi ambako wanaume hucheza dhumna mchana wa Jumamosi, alipoingia, mmoja alimwambia bila kuinua macho kutoka kwenye kete zake, "Alvin, kubomoa umetufundisha. Kujenga tutafundishwa na nani?" Wengine wakazitabasamia kete zao. Alvin alisimama pale kidogo kana kwamba aliyekuja kumtafuta hayupo, akatoka.

Hilo hakumwambia mkewe. Lida aliambiwa kesho yake kanisani na mke wa yule aliyesema, kwa sauti ya pole.

Wazazi wawili watatu wakaanza kuwapeleka watoto Gantner, mji wa jirani, ambako shule ni ya tofali na ina ukumbi wa michezo. Halafu wakawa zaidi ya watatu. Kila mtoto aliyehama aliondoka na fungu lake la pesa ya jimbo. Lida aliliona sufuriani kabla ya kuliona popote. Viazi vilibaki.

Usiku alisali rozari yake kama siku zote, lakini alikuwa ameanza kukwama. Hakujua amwombe Mungu nini hasa. Kuwaombea watu wakubali kulipa zaidi, wengine wao hawana, ilikuwa kama kumtia Mungu mkono kwenye mfuko wa jirani. Alimaliza kwa kuomba tu kwamba isiharibike, bila kutaja nini.

Novemba kura zilihesabiwa. Hapana ilishinda kwa tofauti ya kura kumi na moja.

*

Raymond alikuja Jumapili baada ya misa, amebeba soseji aliyoikausha mwenyewe kwa moshi, imefungwa kwenye karatasi ya duka la nyama. Aliiweka mezani kama mtu anayeweka silaha.

"Shemeji yuko wapi?"

"Amejinyoosha."

Raymond hakukaa. Lida akaendelea kukunja taulo za jikoni, akazikunja zilizokwisha kukunjwa.

"Kaka, uliandika nini kwenye karatasi?"

"Kura ni siri, Lida."

"Siri gani katika mji wenye watu mia saba?"

Raymond alitazama dirisha. Alikuwa mtu asiyejua kusema uongo kwa sababu hakuwahi kuwa na haja nao.

"Niliandika hapana."

Lida alikuwa amelijua hilo tangu alipoiona soseji. Hata hivyo mikono yake ilisimama.

"Nisikilize, dada," Raymond akasema. "Nilitoa trekta yangu. Nilitoa majani yangu ya kiangazi kizima, yakakauka shambani sijayakata. Hata mafuta sikudai. Nilitoa na sijutii. Lakini unaingia kule ndani, karatasi imeandikwa kwa herufi kubwa, hii ni nyongeza ya kodi ya mali. Mimi nina ekari mia tatu za malisho. Nyinyi mna nyumba na bustani, na kodi yenu ya shule serikali imeigandisha pale ilipo kwa sababu ya ugonjwa wa moyo wa Alvin. Haipandi hata ikipigwa kura kumi. Mlikuwa mnapita mkiomba kura kwa mfuko wangu."

"Tulikuwa tunaomba shule."

"Shule tulikuwa nayo," Raymond akasema. Hakusema kwa ukali. "Ilikuwa na nyufa, lakini ilikuwa imesimama. Ingepigwa lipu, ikafungwa vyuma, ikatusukuma miaka kumi. Mimi niliuliza siku ile. Mlinicheka. Na mimi nikacheka, mjinga mimi, nikaleta minyororo."

"Na unajua kadi ya Alvin inatoka wapi."

"Najua."

"Ulijua ukiwa na kalamu mkononi?"

Raymond akakunja kofia yake ikawa kama kitambaa. "Nilijua. Nilijua pia deni langu la benki. Sasa nilie nini, dada?"

Hapo wakasikia sakafu ikilia. Alvin alikuwa mlangoni, soksi miguuni, nywele zimesimama upande mmoja. Haikujulikana amesimama pale tangu lini, lakini uso wake ulisema tangu mwanzo. Lida aliona macho yake yakienda kwa Raymond, yakashuka mezani.

"Kaa ule, shemeji," Alvin akasema. "Soseji haipigi kura."

Wakala. Raymond alisifu haradali. Alipoondoka, Alvin alibaki akiutazama mkate wake.

"Ameongopa wapi?" akamwuliza mkewe.

Lida alitafuta mahali. Alitafuta kweli. Akasimama akaanza kuosha sahani.

*

Baada ya hapo hakuna kilichopiganiwa. Bodi ilikutana Desemba, viti vingi vikiwa vitupu. Mwenyekiti alisoma kwamba jimbo halitaongeza kibali cha madarasa ya mabati, na kwamba mwisho wa muhula ule watoto wote wa Hradek wataingia katika shule ya Gantner. Walimu watachukuliwa. Mkopo wa kwanza utaendelea kulipwa, kwa sababu walionunua hatifungani hawaulizi kama kuna shule. Mtu mmoja aliuliza ikiwa maana yake ni kwamba watalipa miaka thelathini kwa ajili ya uwanja wa majani. Mwenyekiti akajibu kwamba kimsingi ndivyo.

Wapishi hawakutajwa. Lida alingoja mpaka mwisho, akamfuata Bwana Coulter nje. Bwana Coulter alimwambia Gantner hawaajiri wapishi, chakula chao huletwa na kampuni. Amezungumza nao. Kuna nafasi ya kugawa chakula, saa tatu kwa siku.

"Na bima?"

"Kwa saa tatu hawatoi, mama." Miwani ilikuwa mkononi. "Nimewauliza mara mbili."

Lida akamshukuru kwa kuuliza. Alimwuliza pia kama Januari ingeweza kuhesabiwa, ikiwa kadi inaweza kusukumwa mpaka mlango wa moyo ubadilishwe. Bwana Coulter akasema kadi inakwisha na muhula. Inaweza kuendelezwa ikiwa wao wenyewe watalipa yote, upande wao na upande wa shule, na akamwambia ni kiasi gani kwa mwezi. Lida aliitikia kwa kichwa kama anayeambiwa bei ya kitu ambacho hakuwa na nia ya kukinunua. Alvin alikuwa kwenye gari, amewasha injini ili apashe joto kiti cha mkewe.

Wiki hiyo matofali yaliuzwa. Mtu wa Austin aliyekuwa akifungua hoteli alitaka ukuta wenye sura ya zamani, na pesa yake ililipia kuyaondoa madarasa ya mabati. Kwa kuwa hakuna aliyejua yamepangwaje isipokuwa Alvin, walimwita. Alikwenda. Dereva wa lori, kijana mchangamfu, alishangaa jinsi yalivyo masafi, akauliza ni mashine gani imeyasafisha. Alvin akamwambia ni mashine ya zamani, haitengenezwi tena. Akarudi nyumbani akalala na viatu.

Siku ya mwisho jikoni, Lida aliwapikia watoto supu ya kuku na tambi alizokata mwenyewe. Akasugua jiko la parokia, akavua funguo kwenye kamba ya shingoni. Karani alizipokea akamwomba na aproni, kwa sababu ni mali ya shule. Ilikuwa imechanika mfukoni na Lida ndiye aliyeishona. Akaivua, akaikunja, akampa. Kila mmoja aliona aibu ya mwenzake, kisha karani akasema haya, Krismasi njema.

*

Simu ilipaswa kupigwa kabla ya sikukuu, maana hospitali hutoza wasiofika. Lida aliishika mara mbili akairudisha. Mwishowe Alvin akasema lete hapa, akaiweka mezani, akawasha spika ili mikono ibaki huru, ingawa mikono yake haikuwa na kazi.

Aliyepokea alikuwa msichana, sauti yake changa, ya mtu aliyelala vizuri. Aliliona jina la Bwana Janda kwenye kompyuta yake mara moja. Akathibitisha tarehe, akamkumbusha asile kitu tangu usiku, akauliza kama bima ni ile ile.

"Nataka kuifuta hiyo siku," Alvin akasema.

"Tuisogeze mbele, Bwana Janda? Februari nina nafasi."

"Hapana, binti. Kuifuta."

Vidole vya msichana vikasikika vikigonga. "Sawa. Itabidi niweke sababu, la sivyo kompyuta haikubali. Nikusomee zilizopo, wewe uchague. Amehama. Amepata daktari mwingine. Amepona. Amefariki." Akasita. "Samahani, hiyo ya mwisho ipo tu hapo."

Alvin akamtazama mkewe, kama mume anayepiga simu kutoka dukani kuuliza alete unga gani. Lida alikuwa na kitambaa mkononi, anapangusa meza iliyokuwa safi. Alitaka kusema kwamba bima haimo kwenye orodha, shule haimo, kura haimo. Akaendelea kupangusa pale pale.

"Nisomee tena," Alvin akasema.

Msichana akasoma tena, taratibu, bila kuchoka, kama alivyofundishwa.

"Andika amepona."

Vidole vikagonga. Sauti ilipotoka tena ilikuwa imeacha kuwa ya kazini. Ilikuwa ya mtu aliyefurahi kweli, ambaye pengine kutwa nzima hakuwa amepata habari moja nzuri.

"Hongera sana, Bwana Janda. Mungu ni mwema."

"Ni mwema," Alvin akaitikia. Alitaka kuongeza asante, lakini pumzi ilikuwa imemkatika, na Lida ndiye aliyenyoosha mkono akakata simu.